Hita ya gereji haitoshi? Pitia hizi dalili kabla hujaenda kununua kubwa zaidi

Kila baridi ikianza kubana hapa Minnesota, kuanzia mwezi wa 11 hivi, simu yangu haipumziki. Kazi yangu ni kufunga hita, na wengi wanaonipigia ni watu wetu, Wakenya, Wakongo, Watanzania, Warundi, waliotoka apatimenti wakanunua nyumba yenye gereji na hii ni baridi yao ya kwanza au ya pili ndani ya hiyo nyumba. Maneno yanafanana: "kaka nimenunua hita lakini gereji bado friji", "breka inaruka kila saa" (breka ni ile swichi ya usalama inayokata umeme laini ikizidiwa), "inawaka inazima inawaka inazima". Na swali la mwisho la karibu kila mtu ni nichukue saizi gani kubwa kuliko hii. Saa nyingine ni kweli hita ni ndogo. Lakini mara nyingi joto linatengenezwa vizuri tu ila halikai, ukiongeza hita unajaza maji kwenye pakacha, yataingia mengi zaidi na yatatoka mengi zaidi na bili ni ya kwako.

Nimeandika kwa dalili, tafuta ya kwako. Nyuzi naandika Farenhaiti kwanza sababu themostati za huku zinasoma hivo, walioko Canada nimewawekea Selsiasi pembeni.

Haya mawili hayasubiri

Kama unasikia harufu ya gesi, ile kama yai viza, usiwashe taa, usizime taa, usibonyeze rimoti ya mlango wa gereji, toka nje na watu wote, ukiwa mbali na nyumba ndo upige simu kwa kampuni ya gesi au 911.

Kama alamu ya kaboni monoksaidi inalia, au watu wa nyumbani wanaumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na wakitoka nje wanapata nafuu, tokeni wote na piga 911. Usirudi ndani kuchukua kitu. Hiyo hewa haina harufu wala rangi na inaua mtu akiwa amelala.

Na hili naomba tusikilizane: jiko la mkaa haliingii gerejini, hata mlango ukiacha upenyo, hata likibaki kaa tu bila moshi. Nyumbani tulizoea jiko barazani au kwenye jiko la nje linalopitiwa na upepo, nyumba za huku zimezibwa kila upande ili joto lisitoke, sasa na sumu nayo haitoki. Hivohivo grili, jenereta, na gari kuachwa linaunguruma "lipate moto kidogo". Kama huna alamu ya kaboni kwenye nyumba iliyoshikana na gereji, nunua leo kabla ya hita.

Hesabu kidogo tu, itakusaidia kwenye kila dalili

Hita za umeme zinaandikwa wati, za gesi zinaandikwa BTU (kipimo cha joto) kwa saa. Wati 1 ni sawa na BTU 3.4 kwa saa, kwaiyo hita ya wati 1500, ile ndogo ya kuchomeka ukutani, inatoa kama BTU 5,100, na ya wati 5000 inatoa kama 17,000. Hita ya gesi angalia vizuri, namba kubwa kwenye boksi ni gesi inayokula, joto unalopata ni pungufu. Ya 45,000 yenye ufanisi wa asilimia 80 inakupa 36,000, nyingine inatoka na moshi.

Sasa chukua gereji ya magari mawili, futi 24 kwa 24, dari futi 8, ukuta mmoja umeshikana na nyumba. Usiku nje ni -10 (Selsiasi -23), ndani unataka 50 (Selsiasi 10), yani unataka kuipandisha nyuzi 60. Kama gereji ni tupu, kuta hazina insulesheni (vitu vya kuzuia joto lisitoke), juu unaona mbao za paa, mlango ni bati moja, joto linatoka hivi kila saa: dari kama BTU 17,000, hewa inayopenya 10,000, kuta 9,000, mlango wa gari karibu 7,000, ukingo wa sakafu ya zege 3,000. Jumla kama 46,000. Gereji hiyohiyo ukiweka insulesheni ya R-30 juu, R-13 kwenye kuta (namba ya R ikiwa kubwa joto linazuiwa zaidi), mlango wenye fomu ndani (povu gumu la plastiki), ukaziba mianya, jumla inashuka mpaka kama 13,000.

Angalia hapo tena, ni gereji moja, mji mmoja, usiku mmoja. Moja inataka hita ya gesi ya 60,000 na bado itakuwa inahema, nyingine inatosheka na umeme wa wati 5000 na unabaki na akiba ya kupashia haraka. Ndo maana mtu akiniuliza kwa simu "gereji ya magari mawili saizi gani" siwezi kumjibu mpaka aniambie juu ya kichwa chake anaona nini.

Kanuni ya haraka ya mafundi ni wati 10 kwa kila futi ya mraba, kwa gereji iliyowekwa insulesheni na dari ya futi 8. Ile ya futi 24 kwa 24 ni futi za mraba 576, inakuja karibu wati 5,800, gereji ya gari moja ya futi 12 kwa 24 inakuja karibu 2,900. Dari ikiwa futi 10 ongeza robo. Kama haina insulesheni hiyo kanuni sahau kabisa, haikuhusu.

Dalili: hita inawaka mchana kutwa na gereji haipati joto

Hii ndo simu ya kwanza kila msimu, wacha niikalie.

Sababu inayoongoza ni mlango wa gari, na hasa raba ya chini. Mchana jua likiwa nje ingia ndani, funga mlango, zima taa, subiri macho yazoee. Kila unapoona mwanga, joto linatoka hapo, na pembe mbili za chini ndo huwa mbaya zaidi sababu zege limeshuka au panya wamekula raba. Raba ya chini na za pembeni si ghali na unabadilisha mwenyewe Jumamosi moja. Ukitaka kuweka bodi za fomu kwenye mlango wenyewe sawa, ila mlango utaongezeka uzito na springi zilipimwa kwa uzito wa zamani. Zile springi za juu ya mlango usiziguse. Zimekazwa kwa nguvu ya kuvunja mkono, kuna watu wamepoteza vidole. Mlango ukiwa mzito kuinua baada ya kuweka fomu, ita fundi wa milango akupimie springi upya.

Ya pili ni dari. Nimeingia gereji nyingi mtu ameweka insulesheni nzuri kwenye kuta halafu juu ni paa tupu, na kwenye ile hesabu si umeona, dari peke yake inakula kuliko kuta na mlango pamoja. Kama una hela ya kitu kimoja mwaka huu, na dari haina kitu, weka juu. Fomu ya plastiki usiiache wazi, iwe ukutani au darini, inashika moto haraka na moshi wake ni sumu, lazima ifunikwe na bodi ya jipsamu. Na bodi ya jipsamu iliyopo kati ya gereji na nyumba usiitoboe hovyo, imewekwa kuzuia moto na mafusho ya gari yasiingie kwenu.

Ya tatu, hita kweli ni ndogo. Gereji ile tupu ya mfano, hita ya wati 1500 inaipandisha nyuzi 6 au 7 tu juu ya baridi ya nje. Nje -10, ndani -3. Hita ni nzima, inafanya kazi yake yote, na maji kwenye ndoo bado yanaganda. Hata ya wati 5000 kwenye gereji hiyo inakufikisha kama 12. Kuna dada mmoja alinunua hizi ndogo tatu akazipanga, hela aliyotumia ingemtosha insulesheni ya dari, na iliniuma sababu aliambiwa dukani "hii inapasha gereji nzima". Ile ndogo inafaa kukupasha wewe umekaa karibu unafanya kazi, basi.

Ya nne watu hawaifikirii: gari lenyewe. Ukiingiza gari lililokuwa nje, tani karibu mbili za chuma baridi, hilo chuma lazima lipate joto kwanza. Gari la pauni 4,000 kulipandisha nyuzi 40 linakula kama BTU 19,000, hiyo ni karibu saa 4 za hita ya wati 1500 ikifanya kazi hiyo tu. Na theluji iliyoganda chini ya matairi, pauni 50 tu kuyeyuka inakula BTU 7,200 nyingine. Piga theluji nje kabla hujaingia, usipime hita saa moja baada ya kupaki, pima asubuhi.

Ya tano ni umeme, hii kwa wenye hita za volti 240. Kama fundi wa kienyeji ameiunga kwenye volti 120, itawaka, feni itazunguka pole pole, na itatoa robo tu ya nguvu yake, ya wati 5000 inakuwa 1250. Baadhi ya majengo yenye nyumba nyingi yana volti 208 badala ya 240, hapo unapata kama robo tatu, wati 3750. Na kuna hita zina vipini vya ndani vya kuchagua nguvu, zinatoka kiwandani zimewekwa chini. Soma kitabu chake kwanza. Kupima volti na kufungua boksi la waya ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, hapo wewe simama.

Na kabla hujalipa senti kwa yeyote: chujio au matundu ya nyuma ya hita, yana vumbi la mbao? Futa. Themostati imewekwa ngapi? Usicheke, nimeendesha dakika 40 kwenye theluji kwenda kugeuza kitufe.

Dalili: breka inaruka

Hita ndogo ya wati 1500 kwenye volti 120 inavuta ampea 12.5. Laini ya kawaida ya gereji ni ampea 15, nyingine 20. Kitu kinachowaka masaa mengi mfululizo hakitakiwi kupita asilimia 80 ya breka, yani ampea 12 kwenye ya 15. Kwaiyo hiyo hita peke yake tayari imepita ukingo huo kidogo, na kwenye laini hiyohiyo kuna frija la nyama, mota ya mlango, taa na chaja ya betri.

Anza rahisi: chomoa vyote vingine kwenye laini hiyo, acha hita peke yake. Breka ikitulia jibu umepata, laini imejaa, hita haina kosa. Hamisha frija, au shusha hita iwe wati 750. Ikiendelea kuruka na hita iko peke yake, jaribu hita hiyo kwenye laini nyingine ya ndani ya nyumba. Ikiruka na huko, hita ni mbovu, itupe. Isiporuka huko, soketi au waya wa gereji una shida.

Angalia pia kama iliyoruka ni breka ya paneli (lile boksi la breka zote) au ile soketi yenye vitufe vya TEST na RESET. Hizo soketi zimewekwa gerejini kuokoa mtu asipigwe na umeme kwenye sakafu yenye maji. Ikiruka hiyo mara nyingi ni unyevu au waya wa hita umechubuka. Usiibadilishe ukaweka ya kawaida ili "isisumbue". Ukiwa na frija la nyama kwenye hiyo soketi hita ikairusha na wewe umesafiri, utarudi ukute ng'ombe mzima ameoza, kwaiyo vitenganishe.

Mtu akikwambia weka breka ya 20 badala ya 15, mkatalie. Waya wa laini ya ampea 15 ni namba 14, wa 20 ni namba 12 (namba ikipungua waya ni mnene zaidi), breka ipo kulinda waya uliofichwa ukutani. Ukiweka breka kubwa juu ya waya mwembamba breka itatulia, waya ndo utaungua, nyuma ya ukuta usipoona.

Ukihamia hita ya wati 5000 ya volti 240, hiyo inavuta kama ampea 21, inataka laini yake peke yake, breka ya 30 na waya namba 10 wa shaba. Ya wati 7500 inavuta 31, inataka breka ya 40 na waya namba 8. Kabla ya kununua piga picha paneli yako, kuna nyumba za zamani paneli ni ampea 100 na tayari kuna jiko, drayer na tanki la maji ya moto, haina nafasi. Hii kazi inataka fundi mwenye leseni na kibali cha mji. Najua kibali kinaonekana usumbufu, ila nyumba ikiungua bima wanauliza.

Dalili: plagi au soketi inapata moto, harufu ya plastiki

Fupi hapa. Zima kwenye breka, usichomoe kwa mkono kama imeyeyuka, na usiitumie tena mpaka fundi umeme aione. Sababu kubwa kuliko zote ni ekstensheni na pawastripu, hita inachomekwa ukutani moja kwa moja, hakuna ekstensheni "nzito" ya kutosha hapa. Ya pili ni soketi ya zamani iliyolegea, plagi inaingia bila kubana. Na kila kitu kinachoungua kikae futi 3 mbali na hita, maboksi, matambara, kreti za soda. Petroli, thina na mitungi ya rangi visikae gerejini pamoja na hita kabisa kama una kibanda nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, ndo maana hita yenye moto au cheche inatakiwa kuwa juu, angalau inchi 18 kutoka chini.

Dalili: inawaka dakika mbili tatu, inazima, inawaka tena

Hapa ndo inatokea kwa waliosikia "chukua kubwa tu iwe salama". Hita ya gesi ya 75,000 kwenye gereji iliyozibwa vizuri inayotaka 13,000 inapasha hewa haraka, themostati inaridhika, inazima, lakini sakafu na vyombo bado baridi kwaiyo hewa inapoa tena. Inachosha mashine na moshi unapoa ndani ya bomba unakuwa maji, yanakula bomba kwa kutu. Kwa hiyo kubwa nayo ni kosa, sawasawa na ndogo.

Kabla hujalaumu saizi angalia themostati iko wapi. Ikiwa upepo wa hita unaipiga moja kwa moja itazima mapema. Ikiwa kwenye ukuta wa nje wenye baridi itafanya kinyume, hita haitazima. Mahali pazuri ni ukuta wa ndani, futi 5 kutoka chini, mbali na mlango na mbali na upepo wa hita. Kisha angalia matundu na chujio, hita ikikosa hewa inapata moto sana na swichi ya usalama inaizima.

Kama ni ya gesi na inazima sekunde chache tu baada ya moto kushika, hiyo siyo saizi. Mara nyingi ni sensa ya moto imeshika masizi. Zima umeme, funga gesi, na kama kitabu kinakuruhusu kuifikia unaitoa ukaifuta taratibu na sufi laini ya chuma, ukairudisha. Nyingi zina taa ndogo inayopepesa, hesabu inapepesa mara ngapi na ulinganishe na karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wake. Angalia pia bomba la moshi nje, theluji imeliziba? Kiota cha ndege?

Kuanzia hapo acha. Mwali wa njano badala ya bluu, masizi ukutani, kelele ya mlipuko mdogo inapowaka, shinikizo la gesi, kubadilisha hita ya gesi asilia iende propeni (gesi ya mtungi): yote hayo ni ya fundi mwenye leseni ya gesi. Mwali wa njano unatengeneza kaboni monoksaidi, izime usisubiri Jumatatu.

Dalili: maji yanatiririka kuta na madirisha, vifaa vinashika kutu

Karibu kila mara ni hita ya propeni au mafuta ya taa isiyo na bomba la moshi, ile ya kukaa juu ya mtungi au ile ya mviringo inayounguruma. Propeni ikiungua inatoa maji kama mvuke, na si kidogo, hita ya 45,000 inamwaga karibu lita moja na nusu kila saa ndani ya gereji. Huo mvuke ukigusa ukuta baridi unakuwa maji. Mzee mmoja fundi seremala aliniita akidhani paa linavuja, misumeno yake imeshika kutu yote, paa lilikuwa zima kabisa.

Dirisha ukifungua kidogo unapunguza maji ila unapoteza joto, na bila kufungua unakaa na moshi. Mtungi wa propeni nao hautakiwi kutumika wala kuwekwa ndani ya gereji iliyoshikana na nyumba. Suluhisho ni hita yenye bomba la kutoa moshi nje, nzuri zaidi ile inayovuta hewa yake ya kuunguza kutoka nje, au umeme. Kama hutumii hita ya namna hiyo na bado kuna maji, basi ni theluji ya gari inayeyuka. Fagia maji nje kwa skwiji kila jioni, itapungua sana.

Wanaotumia mitungi hii kwenye kibanda cha nje wananiuliza pia kwanini hita inafifia na mtungi ukiwa na barafu ubavuni wakati gesi bado ipo. Propeni ya maji inahitaji joto kugeuka hewa, mtungi mdogo wa pauni 20 kwenye baridi kali hauwezi kuigeuza haraka kama hita kubwa inavyotaka, na ukishafika nusu inazidi. Usiumwagie maji ya moto wala usiupashe na moto wa aina yoyote. Ama hita ndogo, ama mtungi mkubwa uliofungwa nje na kampuni ya gesi. Halafu huo mtungi mdogo kwa hita ya 45,000 unakupa kama saa 9 na nusu tu.

Dalili: kichwani joto, miguuni barafu

Joto linapanda darini linakaa huko. Geuza vibao vya mbele ya hita vielekeze upepo chini, kisha weka feni ya dari izungushe pole pole. Zulia la raba pale unaposimama linasaidia kuliko unavyodhani, zege linanyonya joto la miguu. Kama dari yako ni futi 10 au 12 na unafanya kazi sehemu moja tu, fikiria hita ya miale inayopasha mtu na vitu moja kwa moja bila kusubiri hewa, unaweza kwenda na wati chache.

Dalili: joto lipo, ila bili imepanda mno

Hita ya wati 5000 ikiwaka saa 8 imekula uniti 40. Kama kwenu uniti ni senti 15, hiyo ni dola 6 kwa siku, zidisha mwenyewe kwa mwezi. Ukiwa hufanyi kazi humo shusha themostati kutoka 50 mpaka 40 (Selsiasi 4), nje ikiwa 20 umepunguza theluthi ya joto linalopotea. Usishushe chini ya hapo kama kuna bomba la maji ukutani.

Na kama nia yako yote ni gari liwake asubuhi, pengine huhitaji kupasha gereji. Hita ya injini, ile inayofungwa kwenye injini yenyewe na waya wake unatokea mbele ya gari, nyingi zinakula wati 400 mpaka 1000, unaiwasha na saa ya kujizima masaa matatu kabla ya kutoka. Wa Edmonton na Winnipeg wanazijua vizuri. Nimeshawaambia watu kadhaa wasinunue hita kwangu kabisa, wafunge hiyo.

Ukiamua kumwita fundi wa hita, yeyote, uwe na haya mkononi kabla hajafika: urefu, upana na kimo cha gereji, picha ya dari, picha ya mlango wa gari kwa ndani, picha ya paneli ikiwa wazi mlango wake wa nje tu (kile kifuniko cha ndani chenye skrubu usikifungue), na joto unalotaka ndani. Akikutajia saizi bila kuuliza hata kimoja, tafuta mwingine.